Alama zilizopanda jioni na kuanguka saa nane mchana

SWALI

Mwalimu, habari za Nakuru? Mimi ni fundi wa laptopu hapa Kondele, Kisumu. Nauza mashine za ex-UK, hasa ThinkPad T480 yenye i5-8350U na RAM ya GB 8, na wateja wangu wengi ni wanachuo wanaotaka Ubuntu. Kila mashine naipima kwa `7z b`, kipimo cha kasi cha programu ya 7-Zip, naandika alama kwenye karatasi na kuibandika kando ya bei, maana vijana wa kompyuta siku hizi hawanunui kwa macho. Kuna jirani yangu anauza T480 hiyohiyo na alama zake zinanipita. Nikaulizaulize, nikaambiwa siri iko kwenye mipangilio ya kumbukumbu. Nimeweka swappiness 0, nimezima swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kabisa, nimemwaga kache, nimewasha kurasa kubwa na nimepandisha dirty_ratio hadi 80. Jioni hiyo alama zilitoka elfu 18 na kitu zikafika elfu 20. Kesho yake saa nane mchana nikapima mbele ya mteja, zikatoka elfu 16. Aliondoka akicheka. Ni ipi kati ya hizo inayofanya kazi, na ni ipi imeniaibisha?

JIBU

Ndugu yangu, pole kwa mteja. Kati ya mambo matano uliyoyagusa, moja lilisaidia kweli, jingine huenda lilisaidia kwa mlango wa nyuma, mawili hayakuligusa jaribio lako hata kidogo, na moja utalijutia siku mashine itakaporudishwa. Lililokuaibisha saa nane mchana nadhani halimo kabisa kwenye orodha yako.

Naona umeandika namba moja tu, ile ya mwisho yenye neno Tot. Hiyo ni wastani, na wastani huficha mengi. Rudi kwenye jedwali lenyewe. `7z b` hutoa pande mbili: kushoto ni kubana data, kulia ni kuifungua. Kubana ni kazi ya kutafutatafuta. Programu hushikilia kamusi ya data iliyokwisha kupita, ya MB 32 kwenye mstari wa mwisho, na kwa kila baiti mpya inarukaruka huku na huku kwenye majedwali makubwa ikiuliza kama mfuatano huu umewahi kuonekana. Kuruka huko kunaifanya itegemee mno wepesi wa RAM kuitika. Kufungua ni kazi ya kufuata maagizo, na huko prosesa yenyewe ndiyo huamua karibu kila kitu.

Kwa hiyo jedwali lako linaweza kumtaja mhalifu kabla hujafungua skrubu hata moja. Ukibadilisha mpangilio wa kumbukumbu ukafanya kazi, upande wa kushoto utapanda na wa kulia utabaki karibu palepale. Prosesa ikipunguziwa mwendo, pande zote mbili zitaanguka pamoja. Kama bado unayo matokeo ya ile saa nane, yatazame. Nitashangaa sana nikisikia upande wa kulia haukushuka.

Nashuku joto. i5-8350U ni prosesa ya wati 15. Mwendo wake wa msingi ni GHz 1.7, na ikipata nafasi inapanda hadi 3.6. Neno ni hilo, nafasi. Inakimbia juu ya msingi wake mradi umeme na ubaridi vinaruhusu. Chipu ikichemka inajirudisha chini yenyewe, bila kumwambia mtu. Sasa fikiria duka lenye paa la mabati Kondele, alasiri, hewa ya ziwa imesimama. Jioni uliyopima mara ya kwanza upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Sehemu ya ile elfu mbili uliyoifurahia huenda ililetwa na upepo huo.

Hili nalijua kwa kuungua nalo. Niliwahi kupima T480 moja hapa Nakuru saa moja asubuhi, sweta mwilini, nikaandika alama kwa kalamu nzito na kuituma Kisumu kwa gari. Mteja akanipigia siku ya pili kwamba nimemuuzia namba ya uongo. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru inapita 1,800, na tofauti hiyo kwenye ngozi unaijua ukishuka kwenye gari. Mashine iliporudi nikafungua kifuniko cha chini. Kwenye mapezi ya shaba ambako feni inapulizia kulikuwa na blanketi. Sitanii, vumbi na nyuzi za zulia za miaka kadhaa ya ofisi za Uingereza, vimeshikana hadi unaweza kuviinua kwa kibano kama kipande cha kitambaa. Ile krimu ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na bomba la shaba ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta. Kwenye baridi ya Nakuru hayo yote yalikuwa yamejificha.

Kulithibitisha ni rahisi. Fungua teminali mbili. Kwenye ya kwanza andika:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Kwenye ya pili endesha `7z b`. Itazame namba kwa dakika mbili. Prosesa za aina hii hupewa ruhusa ya kutumia umeme zaidi kwa muda mfupi, nusu dakika hivi, kisha hurudi kwenye kiwango cha kudumu, kwa hiyo kushuka kidogo ni kawaida. Zikiporomoka na kuendelea kuporomoka huku `sensors` ikionyesha nyuzijoto zinazokaribia mia, safisha feni na ubadilishe krimu kabla hujagusa mpangilio wowote. Na kwa kuwa stima zetu ni hizihizi, hakikisha mashine iko kwenye chaja na `powerprofilesctl get` haijibu `power-saver`. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kupoteza Jumamosi nzima kwa hilo.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, na nianze na ile iliyofanya kazi, maana hapo ndipo penye utamu.

Programu haijui data yake iko wapi hasa kwenye RAM. Anwani inazotumia ni za kubuni, na kila inapotaka kusoma kitu, prosesa lazima itafsiri anwani ya kubuni kuwa ya kweli. Kumbukumbu imegawanywa kurasa za KB 4, na kuna madaftari yanayosema ukurasa huu wa kubuni uko mahali pale pa kweli.

Chukua duka la mtaani linalokopesha unga na sukari. Mwenye duka anawakumbuka wateja 64 kwa kichwa. Juu ya kaunta ana kijidaftari chenye mistari 1,536. Wengine wote wako kwenye majalada ya stoo, na kule stoo lazima afungue jalada la kwanza limwelekeze la pili, la pili limwelekeze la tatu, hadi la nne ndipo apate jina. Mteja anayepatikana kichwani au kwenye kijidaftari anahudumiwa papo hapo. Anayetafutwa stoo anachelewesha foleni nzima.

Hizo namba sikuzibuni kwa ajili ya hadithi. Prosesa yako ina nafasi 64 za tafsiri za data zilizo karibu kabisa, na nyuma yake kijidaftari cha nafasi 1,536. Kifaa hicho kinaitwa TLB. Majalada manne ni ngazi nne za jedwali la kurasa. Sasa piga hesabu: mistari 1,536 mara KB 4 ni MB 6. Kijidaftari chote kinajua mahali pa MB 6 tu, wakati `7z b` ikifanya kazi nane kwa mpigo inashika chini kidogo ya GB 2 za RAM na kuzirukiarukia bila mpangilio. Mwenye duka yuko stoo mchana kutwa.

Kurasa kubwa hubadilisha namna ya kuandika daftari. Badala ya kumwandika kila mtu mstari wake, unaandika ukoo mzima mstari mmoja. Ukurasa mkubwa ni MB 2, yaani kurasa ndogo 512 kwa mstari mmoja. Kijidaftari kilekile cha mistari 1,536 sasa kinajua mahali pa GB 3, na jaribio lako lote linatosha humo. Hata safari ya stoo ikitokea, jalada la nne halihitajiki tena. Ndiyo maana upande wa kushoto wa jedwali unapanda ukiziwasha, na wa kulia hautikisiki.

Kwenye Linux hali ya sasa unaiona hivi:

`cat /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled`

Utaona maneno matatu, `always`, `madvise` na `never`, lililochaguliwa likiwa ndani ya mabano ya mraba. Ubuntu huja na `madvise`, maana yake kurasa kubwa hupewa programu inayoziomba tu. Ukiweka `always`, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inazitoa kila inapoweza, hata bila kuombwa. Kuthibitisha kwamba zimetumika, endesha jaribio na katikati yake andika `grep AnonHugePages /proc/meminfo`. Namba isipopanda hadi mamia ya MB, umewasha taa kwenye nyumba isiyo na nyaya.

Hapa nina swali kwako. Usiku ule ulizima mashine au ulifunga kifuniko tu?

Ukizima, ulichokiandika kwa `echo` chini ya `/sys` au kwa `sysctl -w` kilikufa na umeme. Asubuhi mashine iliamka na `madvise` yake ya zamani, na ulimpimia mteja mashine isiyo na kurasa kubwa huku ukiamini unazo. Ili zibaki, fungua `/etc/default/grub`, ongeza `transparent_hugepage=always` ndani ya mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya.

Ukifunga kifuniko tu, kuna shida nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukurasa mkubwa unahitaji kurasa ndogo 512 zilizo tupu na zilizopakana, bega kwa bega. Mashine iliyoshinda siku nzima inafungua kivinjari, inanakili picha za mfumo na kusasisha programu huwa na RAM iliyomegekamegeka. Nafasi tupu ipo, lakini iko vipandevipande, kama shamba lililogawiwa warithi wengi hadi trekta haina pa kugeukia. Kerneli hutafuta ukoo wa kurasa 512, ikikosa inarudi kimyakimya kwenye KB 4. Tazama `cat /proc/buddyinfo`. Kila safu ni ukubwa wa kipande mara mbili ya safu iliyotangulia, kuanzia KB 4. Mbili za mwisho kulia ni vipande vya MB 2 na MB 4. Zikisoma sifuri au karibu na sifuri, usitarajie miujiza.

Na huo ndio ule mlango wa nyuma wa kumwaga kache. Amri hii:

`sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`

haiongezi kasi ya kitu chochote yenyewe. Kache ya faili ni RAM isiyo na kazi iliyopewa kazi: faili ulizozisoma hubaki humo ili zikihitajika tena zisifuatwe diskini, na programu ikitaka nafasi kache huondolewa mara moja. Ndiyo maana kwenye `free -h` unatakiwa kusoma safu ya `available`, si ya `free`. Nimeshaona mafundi wakiweka amri hiyo kwenye ratiba kila saa ili RAM ibaki safi, nao wanachofanya ni kuilazimisha mashine isome upya diskini kila saa. Jameni, acheni hiyo. Kwenye upimaji, hata hivyo, ina kazi mbili za halali. Inaweka kila jaribio kwenye mstari mmoja wa kuanzia, na ikifuatwa na

`echo 1 | sudo tee /proc/sys/vm/compact_memory`

inaipa kerneli nafasi ya kusogeza kurasa na kupanga vipande viwe virefu tena. Vipande virefu ndivyo kurasa kubwa zinavyotaka.

Utaniuliza, basi niache `always` kwenye mashine ya mteja? Mimi huwa naiacha `madvise`. Programu inayotaka KB chache inaweza kuishia kushika MB 2, na kwenye GB 8 upotevu huo unaonekana. Hata wenye hifadhidata hawakubaliani. Redis wanashauri uzime, kwa sababu inapojigawa ili kuhifadhi data diskini, kubadilisha baiti moja kunalazimu kunakili MB 2 nzima. MongoDB walishauri kuzima kwa miaka mingi, kisha kuanzia toleo la 8.0 wakageuka wakashauri kuwasha, kwa kuwa walibadilisha namna yao ya kugawa kumbukumbu. Mpangilio uleule, programu ileile, na ushauri ukageuka baada ya ndani ya programu kubadilika. Ukipima kwa `always` ukauza na `madvise`, sema hivyo kwenye karatasi.

Swappiness sitaikalia. Namba hiyo, ambayo kwa kawaida ni 60, huiambia kerneli iegemee wapi RAM inapobana: ihamishe kurasa za programu kwenye swapu au itupe kache ya faili. RAM isipobana haina wa kumwambia kitu. Una GB 8, jaribio linashika chini ya 2. Endesha `vmstat 1` wakati wa kupima na utazame safu za `si` na `so`; zikibaki sifuri mwanzo hadi mwisho, ungeweka 0, 60 au 100 na alama zisijue.

Kuzima swapu ndilo la kujutia. Jaribio halikufaidika, lakini fikiria huyo mwanachuo wa Maseno ana tabo ishirini kwenye kivinjari, darasa la video limewashwa na ripoti iko LibreOffice. GB 8 zikijaa na swapu haipo, kerneli huchagua programu moja na kuiua. Ataona kivinjari kimetoweka, au ripoti, na atakurudishia mashine akisema ina virusi. Rudisha swapu kwa `sudo swapon -a` na uhakikishe mstari wake kwenye `/etc/fstab` haukufutwa. Kwa mashine za GB 4, ukiwa nazo, nenda mbele zaidi, weka zram, ambayo ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa. Hapo swappiness ya juu ndiyo inayofaa. Tangu kerneli 5.8 inaruhusiwa kufika 200, hasa kwa sababu kuhamisha kwenda zram ni kwepesi kuliko kurudia diski. Aliyekwambia kwamba ndogo ndiyo nzuri siku zote alikuwa anazungumzia diski za kuzunguka.

Dirty_ratio nayo haikuhusu `7z b`, kwa kuwa jaribio hilo haliandiki diskini. Inahusu kiasi cha data kinachoruhusiwa kungoja ndani ya RAM kabla ya kuandikwa; kawaida programu huanza kuzuiwa ikifika asilimia 20, na uandishi wa chinichini huanza kwenye 10. Nina wasiwasi ulipata wazo hili kwa mtu anayepima diski kwa `dd`. Ukiandika

`dd if=/dev/zero of=jaribio bs=1M count=1024`

utaambiwa GB 1 au zaidi kwa sekunde, hata kama SSD yako ni ya SATA, ambayo waya wake haupitishi zaidi ya MB 600 kwa sekunde. Hukupima diski, umepima RAM ikipokea mzigo na kuahidi kuufikisha baadaye. Ongeza `conv=fdatasync` mwishoni, ili ihesabu hadi data itue diskini, na namba itarudi duniani. Asilimia 80 inarefusha ahadi hiyo. Kwenye laptopu ya ex-UK yenye betri ya dakika kumi, stima ikipotea, mteja anaweza kupoteza kazi aliyodhani imeshahifadhiwa. Irudishe 20.

Amebaki sasa jirani yako. Kabla hujamdhania uchawi, muulize ana vipande vingapi vya RAM. T480 ina matundu mawili. Mashine nyingi huja na kipande kimoja cha GB 8, na ya jirani huenda ina viwili vya GB 4. DDR4-2400 hupitisha uhamisho milioni 2,400 kwa sekunde wa baiti 8 kila mmoja, yaani GB 19.2 kwa sekunde kwa njia moja. Vipande viwili hufungua njia mbili, GB 38.4. Ukubwa wa RAM ni uleule, barabara ni mbili. Hakuna `sysctl` inayoweza kutengeneza barabara ya pili. Jionee:

`sudo dmidecode -t memory | grep -E "Size|Locator|Speed"`

Tundu likisema `No Module Installed`, umepata jibu. Kwa `7z b` faida ya njia mbili ni ya kiasi, kwa kuwa kubana kunasumbuliwa zaidi na ucheleweshaji kuliko upana wa barabara, ingawa kazi nane zikipigana kwa mpigo upana nao huhesabika. Kwenye picha ndiko utakakoona kweli: UHD 620, chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa yako, haina kumbukumbu yake, inakula RAM hiyohiyo ya prosesa. Ukitaka kupima upana wenyewe tumia STREAM ya John McCalpin. Sharti lake ni kila safu ya data iwe angalau mara nne ya kache ya mwisho ya prosesa (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu), la sivyo utapima kache. Yako ni MB 6, kwa hiyo MB 24 na kuendelea. Ukubwa inaokuja nao, elementi milioni 10 za baiti 8, ni MB 80 kwa safu, unatosha.

Kuna mwingine atakuja kukunong'oneza `mitigations=off`. Hiyo inaondoa kinga zilizowekwa tangu Meltdown na Spectre, kasoro za usalama za prosesa, zitangazwe Januari 2018, na prosesa yako, ya 2017, ni miongoni mwa zilizoathirika. Gharama ya kinga hizo huonekana zaidi kwenye kazi zinazoingia na kutoka kwenye kerneli mara nyingi. `7z b` karibu haiingii. Utakuwa umemwachia mteja mlango wazi kwa faida ambayo hata karatasi yako haitaiona.

Sasa namna ya kupima. Washa upya, ngoja dakika tano masasisho ya chinichini yatulie, funga kivinjari. Pima mara tano, tupa ya kwanza, chukua ya katikati kati ya nne zilizobaki. Kwa nne, chukua ya chini kati ya mbili za kati. Unaona naegemea chini. SPEC, shirika linaloendesha vipimo vya kasi tangu 1988, hufanya vivyo hivyo: kwenye kipimo chao cha CPU cha 2017 unapima mara tatu na kuripoti ya katikati, au mara mbili na kuripoti ile ya pole zaidi. Na ripoti zao huorodhesha mipangilio ya mfumo iliyoguswa. Utakuta humo kurasa kubwa na kumwaga kache, zile zile ulizotumia, zimeandikwa wazi.

Badilisha kitu kimoja, pima, kisha kirudishe kilivyokuwa na upime tena. Watu husahau hatua hiyo ya tatu. Ukiwasha kurasa kubwa alama zikapanda, ukizizima na alama zisishuke, kilichopandisha kilikuwa kitu kingine. Pengine ni ule upepo wa jioni. Na pima saa nane mchana dukani kwako. Mteja atapimia saa hiyo.

Kwenye karatasi andika namba mbili, kubana na kufungua, kisha mstari mdogo: RAM vipande vingapi, kurasa kubwa `madvise`, kwenye chaja, saa ngapi. Jirani akiulizwa ya kwake ilipimwa vipi, atakuwa na kazi ya kujibu.

Ukiamua kuongeza kipande cha pili, kiwe cha laptopu, DDR4, volti 1.2, GB 8 kama kilichopo ili njia mbili zifanye kazi kwenye RAM yote. Kasi ikiwa 2666 au 3200 si tatizo, kitashuka chenyewe hadi 2400. Zima betri ya ndani kupitia BIOS kabla ya kufungua kifuniko, maana T480 ina betri mbili, na kuchomoa ile ya nyuma peke yake hakukati umeme.